Swali la Kumi na Moja

Dalali alipita vyumbani akihesabu kwa kalamu:
jiko jipya, bafu jipya, rangi nyeupe kila mahali,
na bei ya nyumba ya baba, hapa Port Kembla,
ingepanda kama maziwa motoni.
Blagoja, kaka yangu, alitabasamu.
Jumamosi ile ile akaja na mtaimbo.

Nilimkuta bafuni, goti moja ndani ya beseni,
vigae vya mama vya rangi ya waridi vimelala chini,
na nyuma yake bamba la kijivu
limevunjika pembeni kama biskuti.
"Usipumue," nilisema.
Neno la kijinga. Nani huacha kupumua?
Lakini aliacha, mashavu yamejaa,
kama tulivyokuwa tukishindana utotoni
chini ya maji ya bwawa la shule.

Aliyekuja kupima aliitwa Maxine Purtell.
Alinyunyiza maji, akakata kipande cha ukubwa wa ukucha,
akakifunga mifuko miwili, akaandika tarehe.
Siku nne. Kisha barua:
asbesto, nyeupe na ya kahawia,
bafuni, jikoni, dari ya barazani,
kuta zote za nje.
Yaani nyumba.

Baba aliijenga mwaka wa sitini na mbili,
kwa Jumapili zake na mshahara wa kiwanda cha chuma.
Mabamba aliyakata uani kwa msumeno wa mkono,
na unga mweupe ukamjaa nyusi.
Theluji ya Bitola, alisema, imenifuata,
nasi tukacheka: theluji, katika jua la Januari!
Mama alikung'uta ovaroli lake mlangoni, pwa, pwa,
kisha akaingia kutukandia unga wa mkate.
Alikohoa miaka tisa.
Hatukuuliza anakohoa nini.

"Bafu tumeshaliharibu, litolewe," alisema Blagoja.
"Kwingine tupake rangi. Ikiwa nzima haidhuru,
umemsikia yule mama mwenyewe."
Na kweli alisema: ikiachwa ilale, hulala.
Huamshwa na msumeno,
na keekee, na msumari wa kutundikia picha.
"Kuitoa yote ni dola elfu arobaini na moja,
nami nina binti chuoni."
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Sikumjibu. Nilifikiria usufi wenyewe,
nyuzi zisizoonekana, zikihamia kifuani
kama wapangaji wasiojua kuhama.

Mafundi walikuja alfajiri, watatu, mavazi meupe,
mmoja akamaliza kwanza kula pea yake
ndipo akavaa barakoa.
Jirani alifunga madirisha.
Bafu letu likazungushiwa utepe
kama mahali palipouawa mtu.
Nyuma ya bamba moja palikuwa na penseli ya baba,
hesabu za kutoa na kujumlisha,
na chini yake, bila sababu yoyote, jina: Cveta.
Niliomba kipande. Fundi akatikisa kichwa.
Alinigeuzia tu mfuko nipige picha kupitia plastiki,
na picha ikatoka na uso wangu juu ya jina la mama.

Fomu ya mauzo ilikuwa na maswali kumi na manne.
La kumi na moja nililiacha wazi siku sita.

Wakaja Bikash na Sujata, mimba ya miezi saba.
Walilisifu bafu. Walifungua na kufunga droo za jiko
kwa furaha ya watu waliozoea kupanga.
Kwenye kilichokuwa chumba chetu
Sujata alipima ukuta kwa viganja:
hapa kitanda, hapa rafu ya vitabu vya mtoto.
"Hapa," akauliza, "tunaweza kutoboa?"

Dalali alikohoa kidogo. Mimi nilishika kalamu.

"Msitoboe," alisema Blagoja.
Kisha akaketi sakafuni, mtu mzima wa miaka hamsini na nane,
akawaeleza bamba kwa bamba, chumba kwa chumba,
mikono yake ikipima hewani
upana ule ule aliokuwa akiukata baba.